Zakaria Wawili wa Januari Moja

Mimi sikuumbwa kungoja. Ndugu yangu Suleman husema hata chai huiona kama inachelewa kuchemka ili kunikomoa. Sasa nifikirie Ijumaa ile ya mwisho ya mwaka 1999, Ramadhani, joto la Migori limejaa dukani, nami sikai wala sisimami. Dada yangu Sumayya alikuwa amelazwa Homa Bay, mtoto amelala vibaya tumboni, na hospitali ilikuwa imepiga simu asubuhi kusema hawawezi kungoja tena. Kesho watampasua.

Daktari alikuwa na sharti moja. Damu ya Sumayya ni ya kundi O hasi, adimu sana huku kwetu, na bila damu hiyo kuwa tayari hangethubutu kumgusa. Mohammad, mumewe, alipimwa hakufaa. Suleman hakufaa. Mimi nilimkabidhi muuguzi mkono wangu nikiwa na uhakika kabisa, akanirudishia mkono wangu.

Lakini nilikuwa na tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa dukani kwetu. Gichana, kijana Mkisii aliyetuendeshea kompyuta, alikuwa ametengeneza tovuti ya watoa damu wa Migori na Homa Bay. Unaandika kundi la damu, majina yanatokea pamoja na mahali watu wanapoishi. Majina yenyewe hayakukaa dukani. Yalikaa Nairobi, kwenye hifadhidata ya kampuni iliyotukodisha nafasi. Kampuni hiyo ilikuwa imetuarifu kwamba mitambo yake haiujui mwaka 2000, na kwamba jioni ya Ijumaa hiyo itaizima, isiwashwe tena. Basi Gichana akatafuta kampuni nyingine, akahamisha kila kitu kwa laini ya simu iliyokatika kila mara mtu alipopiga chafya.

"Imeingia yote, Dada Tima," aliniambia mchana ule, anameremeta. "Na nimesafisha. Database ya sasa iko na akili. Haikubali mtu mmoja aandikwe mara mbili."

"Sitaki akili, nataka damu. Tafuta."

Akabonyeza. Likatokea jina moja tu: Zakaria Ogutu, Masara, O hasi. Nilipiga kelele hadi mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Suleman alichukua pikapu akaondoka kwenda Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, nami nikabaki nikipanga upya rafu zisizohitaji kupangwa. Nilifuta vumbi. Nilikwenda barabarani kutazama, nikarudi, nikaenda tena. Gichana aliniomba nikae. Nilimwambia akae yeye kwa niaba yetu sote.

Suleman alirudi alasiri na mtu mrefu, udongo mwekundu umemganda hadi kwenye nyusi. Zakaria Ogutu alikuwa ameacha shimo lake bila kuuliza maswali mengi, na kwa hilo tu ningempikia futari mwezi mzima. Nilimweleza habari za Sumayya, na kwamba tunaondoka sasa hivi. Akatikisa kichwa polepole.

"Mama, mimi nitaenda, hiyo si shida. Lakini damu yangu ni A. Walinipima hapo mbele, wakaniambia."

"Mashine inasema O," Gichana akasema.

"Mashine inasema ya wajina wangu. Tuko wawili, omera, ndugu yangu. Zakaria Ogutu na Zakaria Ogutu. Tulikuwa tunachimba pamoja, tukatoa damu siku moja. Huyo mwingine ndio walifurahia damu yake, wakaita hata daktari."

"Haiwezekani," Gichana akasema. "Hata kama mko na jina moja. Umezaliwa lini?"

"Januari moja, sitini na tano."

"Na yeye?"

"Januari moja, sitini na tano." Zakaria akacheka, ila alikuwa anacheka peke yake. "Kwani we hujui? Siku ya kutafuta kitambulisho tulipanga laini moja. Karani anakuuliza ulizaliwa lini, unamwambia wakati wa njaa fulani. Anakuangalia uso, anakupatia mwaka. Tarehe inakuwa Januari moja. Laini yote ilizaliwa Januari moja."

Nilimwona Gichana akiishiwa rangi. Kwao siku ya kila mtoto iliandikwa nyuma ya Biblia ya mama, na saa pia. Haikumpitia akilini kwamba kuna watu waliopewa siku ya kuzaliwa na karani. Alikuwa ameipa ile hifadhidata mpya sheria: jina moja, tarehe moja, basi ni mtu mmoja. Nayo ikatii. Ikawabana Zakaria wawili wakawa mmoja, ikachukua makao ya huyu na damu ya yule.

"Yule mwingine yuko wapi?" nikauliza.

"Alitoka Masara mvua ikijaza mashimo," Zakaria akasema. "Alienda upande wa Homa Bay. Wapi, sijui. Lakini alirudi kwa hospitali, wakamwandikia makao mapya kwa hii tovuti yenu, ile siku alitoa mara ya pili."

Maana yake makao yake mapya yalikuwa yamebaki kwenye mitambo ya zamani kule Nairobi, inayozimwa jioni ile. Hawakutuambia jioni ya saa ngapi. Gichana alipiga simu kwa kampuni. Ikalia mpaka ikachoka. Wote walikuwa wameshaenda kuupokea mwaka.

Sitaficha, nilimtukana. Nilimwambia kama dada yangu atakufa kwa sababu ya usafi wake, nitaitupa kompyuta mtoni na yeye akiwa ameishika. Aliwasha modemu aifikie mitambo ya zamani kabla haijazimwa; modemu ikalia kile kilio chake, ikashika, ikakatika. Akapiga tena. Ikashika, ukurasa ukaanza kuteremka nusu nusu, ikakatika. Zakaria alikaa juu ya gunia la sukari, kofia mkononi, akisema taratibu kwa Kijaluo maneno niliyoyajua kuwa ni sala.

Nje kivuli cha jengo la mkabala kilikuwa kimevuka barabara. Hapo ndipo nilipokumbuka. Gichana alikuwa Msabato, tena yule wa kweli kweli. Ijumaa jua likizama huwa amekwisha kuzima kila kitu, amekoga, na hata ukimwomba akubadilishie balbu atakuambia Jumapili. Mara ngapi nimemtania kwa hilo! Sasa nilimtazama yeye, nikatazama jua, na sikuwa na utani hata mmoja.

Adhana ikasikika. Suleman akaniletea tende na maji. Mikono ya Gichana ikasimama juu ya vibonye.

"Gichana," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, siyo ile aliyoizoea. "Tafadhali."

Alifumba macho kidogo. "Usiniombe, Dada Tima. Mungu ameona nani ananingoja kule Homa Bay." Akapiga tena.

Nikaweka tende chini. Suleman alinikemea kwamba haifai kuchelewesha futari, na ni kweli, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta. Nilikunywa funda moja la maji kwa ajili ya sunna, nikaiacha tende pale nilipoiweka. Modemu ililia, ikashika. Ukurasa ukateremka, mstari, mstari, pole pole kama mzee anayeshuka ngazi. Zakaria Ogutu, Masara, A. Chini yake nafasi nyeupe. Nilikuwa nimemshika Gichana bega, baadaye niliona ana alama za kucha zangu. Kisha: Zakaria Ogutu, Rangwe, kinu cha kusaga unga karibu na soko, O hasi.

Gichana aliandika kwenye kiganja chake kwa sababu hakuiamini tena mashine. Alipobonyeza kurudi nyuma, ukurasa haukurudi. Mitambo ya zamani ilikuwa imezimwa.

Nilimpigia Mohammad hospitalini, naye akatafuta gari kwenda Rangwe. Asubuhi Suleman alinipeleka Homa Bay. Nilipofika, Zakaria wa pili, mfupi, mwenye unga masikioni, alikuwa ameshapimwa na kutoa damu, na Sumayya ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Niliutembea ule ukumbi mpaka mfagiaji akaniomba nimpishe. Kabla ya adhuhuri nikasikia mtoto. Baadaye daktari alitoka akasema Sumayya alivuja damu nyingi, na kwamba bila ile ya Zakaria angempoteza mezani. Alisema hivyo hivyo, mezani. Nikakaa sakafuni.

Muuguzi alikuja na karatasi zake. Mvulana. Jina, Sumayya alikuwa ameshalisema kwa midomo mikavu: Zakaria.

"Tarehe moja Januari," muuguzi akasema, akiandika.

Zakaria wa Rangwe alikuwa kwenye benchi na soda yake, pamba imebandikwa mkononi. Aliinua kichwa. "Hiyo ni ya ukweli," akauliza, "ama ni ya kupewa?"

"Ya ukweli," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.

Jua lilipozama, Sabato ikiwa imekwisha, nilipiga simu dukani. Gichana aliinua kabla haijalia mara ya pili.

"Mtoto?"

"Mzima. Mama yake mzima. Anaitwa Zakaria."

Nilisikia akivuta pumzi ndefu. "Na amezaliwa leo."

"Leo."

Akaniambia nisikate simu, na mimi, niliyeumbwa bila subira, nikangoja. Kisha nikasikia vibonye vikianza kulia, taratibu, kimoja kimoja.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Natoa ile sheria, Dada Tima," akasema. "Kabla huyo hajapata wajina."