Mashine Iliyogoma

Mkemia alikuwa na vichupa vitatu vya matapishi ya watoto wa nyumba moja, na mashine moja tu ya kutambua sumu. Mashine hiyo hujipima yenyewe kabla ya kupewa kazi. Leo ilijipima ikafeli. Akarudia, ikafeli tena.

Simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, daktari wa wodi ya watoto. Kwa kawaida hamalizi sentensi bila kumtania. Leo hata salamu hakutoa.

"Shemeji, umepata nini?"

"Bado. Mashine inasumbua."

"Yule mdogo anapumua kwa shida. Dawa ninazo mbili, kila moja inatibu sumu tofauti. Nikikosea kuchagua, nitammaliza mwenyewe."

"Nipe muda kidogo."

"Mimi ninao. Yeye sijui."

Kwenye skrini, alama za hewa zilipanda kupita kila kitu. Ndani ya mashine ile hakutakiwi hewa. Pampu huinyonya yote. Basi ilikuwa inapenya mahali.

"Tuifungue tuisafishe," alisema mwenzake wa maabara, waliyemwita Babu kwa mvi zake.

"Tukiifungua, leo imekwisha. Tutafute tundu kwanza."

Akazima tanuri dogo la ndani ya mashine, likapoa. Akashika kopo la gesi, akapuliza kila kiungo huku Babu akikodolea skrini macho; penye tundu, gesi ingeingia na kuonekana pale. Kwenye mlango wa mashine, kimya. Kwenye bomba, kimya. Jasho likamlowesha ndani ya glavu.

"Hapo. Rudi hapo hapo," Babu akasema.

Ilikuwa nati ya mrija, waliyoifunga jana yake. Joto la tanuri lilikuwa limeilegeza. Akaiwekea spana, pumzi kaibana. Akikaza mno, mrija huo mwembamba kama unywele utakatika, na hapo kwisha habari. Akazungusha kidogo. Akaongeza kidogo tena.

Alama za hewa zikaanza kushuka, taratibu mno. Hatimaye mashine ikajipima, ikafaulu.

Kichupa cha kwanza kikatoa jibu: dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Akapiga simu.

"Una uhakika?" shemeji akauliza.

Akavitazama vichupa viwili vilivyobaki. "Subiri nipime cha pili."

Cha pili kikasema yaleyale. Alipomwambia, shemeji alikata simu bila kuaga.

Mchana kutwa hakuweza kula. Jioni dada yake akampigia: wale watoto wakubwa wawili wamekaa kitandani, yule mdogo bado yuko kwenye oksijeni, ila amefumbua macho na kumwita mama yake. Mkemia akaketi sakafuni kando ya mashine, akalia. Babu akamletea maji.