Mgomba Uliozikwa Kikristo

Mimi si mtu wa kupiga kelele makaburini, waulize mtaa wetu wa Chapwa mzima. Ila siku ya kumzika mume wangu Ezron nilipiga. Ukiniuliza kama najuta, nitakuuliza kwanza wewe ni wa kanisa gani.

Ezron alikuwa mchimba makaburi. Hakuajiriwa na mtu. Msiba ukitokea aliitwa, akabeba jembe lake, akaenda, na hivyo hivyo kwa miaka ishirini na sita. Makaburi yetu yamegawanywa kwa mistari miwili ya michongoma: huku kanisa letu, katikati Wakatoliki, kule mwisho Waislamu. Mume wangu alichimba pande zote tatu. Kwa Waislamu alijua hata kukata mwanandani, ile nafasi ya chini anamolazwa maiti, na wenyewe walisema hana mpinzani. Akirudi nyumbani ana matope mpaka masikioni, namtania, "Leo umechimbia dini gani?" Ananijibu, "Futi sita."

Sasa, miaka sita iliyopita lori lilimgonga mtu kwenye foleni ya mpakani. Hana kitambulisho, hana ndugu, jina halijulikani. Wakatoliki wakasema si wetu. Waislamu wakasema hatumjui. Kanisa letu likasema lipewe muda wa kutafakari. Jamani, maiti anatafakariwa! Ezron alingoja siku tatu. Ya nne akachimba upande wetu, akamzika. Baraza la wazee wa kanisa likamwita atubu mbele ya watu kwa kuchanganya makaburi. Akawaambia, "Nitubu nini? Nimemstiri mtu." Wakamtenga. Hakutubu, mpaka Jumanne ile moyo wake uliposimama akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mwenyekiti wa baraza hilo ni Mzee Anyelwisye.

Ezron alikuwa na ombi moja tu maishani, na alinirudia kulisema kila mwaka: azikwe karibu na Atupele. Atupele ni binti yetu, alifariki akiwa na miaka tisa. Kaburi lake alilichimba baba yake peke yake, kuanzia jembe la kwanza mpaka la mwisho, na wanaume wote waliokuwepo walisimama tu wakilia. Hakuna aliyethubutu kumpokea. Nilimwahidi mume wangu kwamba atalala pale. Ahadi kwa marehemu hailipiki baadaye.

Basi asubuhi ya maziko wachimbaji wakatangulia. Mwanangu Lusajo alikuwa amekwenda kuchukua jeneza hospitali. Mimi nimekaa mkekani na akina mama, simu ikaita. Alikuwa Gasper, Mkatoliki, aliyekuwa kijana wa kumsaidia Ezron kuchimba zamani, siku hizi ana wajukuu.

"Mama Lusajo," akasema, "tumezuiwa huku."

Mjane haondoki mkekani kabla ya jeneza. Niliondoka.

Nilimkuta Mzee Anyelwisye amesimama mbele ya kaburi la Atupele na mwavuli wake, koti limefungwa vifungo vyote. Gasper na Shaweji, yule Mwislamu anayeuza viatu vya mitumba, wamekaa juu ya majembe yao, wamenuna. Upande wa Zambia wingu lilikuwa jeusi tii.

"Pole sana, Mama Lusajo," mzee akaanza. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Aliyetengwa hazikwi huku. Kuna eneo la serikali kule bondeni."

"Bondeni ukichimba futi mbili unakuta maji! Mnataka mume wangu aogelee?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

"Halafu nafasi yenyewe hakuna," akasema. "Hapa pembeni mwa mtoto pameshachukuliwa."

Akaliangalia lile tuta lenye msalaba usio na jina, kisha haraka akaangalia pengine. Nilimwona. Ndipo damu ikanipanda.

Ngoja nikueleze lile tuta. Miaka minne iliyopita alifariki Yesaya, mdogo wake Mzee Anyelwisye. Kaburi likachimbwa pale, na aliyelichimba ni Ezron, huyo huyo aliyetengwa, maana wa kusali walikuwa wengi na wa kushika jembe hakuna. Shimo limekamilika, ndugu wakatokea Ikinga na gari, wakasema Yesaya atazikwa nyumbani. Wakaondoka naye. Sasa kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Ukilifukia tupu, litaita mtu mwingine wa nyumba ile ile. Basi wakakata mgomba, wakaulaza mle ndani, wakaufukia, wakasimika na msalaba ili watu wasiulize. Mzee Anyelwisye mwenyewe alikuwepo, kofia mkononi, kichwa chini.

"Mzee Anyelwisye," nikasema, na nilihakikisha waombolezaji wote waliokwisha fika wananisikia. "Huyu aliyelala hapa alibatizwa lini?"

Mzee akaushika mwavuli kwa mikono miwili.

"Nauliza. Alikuwa anashiriki meza ya Bwana? Alikuwa mgomba mwaminifu? Sadaka alikuwa anatoa?"

Shaweji akageuka akajifanya anakohoa.

"Unadhihaki kaburi!" mzee akafoka.

"Nadhihaki mgomba! Mgomba una nafasi kwa Wakristo, mume wangu hana!"

Hapo pikapu ikaingia. Lusajo akashuka, akaniona nimesimama makaburini bila kitenge begani, akaelewa kwamba mambo yameharibika. Nyimbo zikakatika katikati. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya jeneza, na hakuna aliyejua alishushe au alirudishe. Mume wangu alikuwa anarowa kwenye gari kama gunia la mahindi.

Nikasema liwalo na liwe. Nikachukua jembe la Gasper.

Mwanamke hashiki jembe makaburini, sijawahi kuona na sijawahi kusikia. Nyuma yangu mtu akasema "Mwe!" Nikang'oa ule msalaba, nikapiga tuta jembe moja, la pili. La tatu likagoma. Mzee Anyelwisye alikuwa ameushika mpini, na mwavuli ameutupa.

"Weka chini," akasema.

"Siweki."

"Nesta, nakuomba." Hajawahi kuniita jina langu. Akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu Ikupa yuko kitandani, mwezi wa pili huu. Hili shimo likifunguliwa, najua litamwita nani."

Yaani kumbe! Michongoma, baraza, utaratibu, siku ile vyote vilikuwa koti tu. Chini ya koti alikuwepo mtu anayeogopa kubaki peke yake, kama nilivyobaki mimi. Nilimhurumia, na nilikasirika sana kwa kumhurumia.

"Baba," nikamwambia, "mliliwekea mgomba kwa sababu lilikosa mtu. Leo mtu yupo, yule pale anarowa. Lipeni mtu wake, liache kuwadai."

Akaliangalia jeneza. Mvua ikakolea. Kisha akaninyang'anya jembe kwa nguvu, nikajua sasa analitupa kwenye michongoma. Akavua koti, akampa Lusajo, akaanza kuchimba.

Alichimba vibaya, mtu wa vitabu yule. Gasper na Shaweji walimwacha mpaka pumzi zilipomwishia, ndipo Shaweji akashuka na kusema, "Mzee, lete nikupokee." Walikwenda chini kwa urahisi kwa sababu ardhi ilishawahi kufunguliwa. Mgomba hatukuuona. Tulikuta udongo mweusi, laini, na kuta zimenyooka vile vile Ezron alivyozikata. Mume wangu aliingia kwenye kaburi alilolichimba mwenyewe, hatua moja tu kutoka kwa Atupele.

Mchungaji hakuja. Mzee Anyelwisye ndiye aliyeanzisha wimbo, matope magotini, sauti imekauka. Gasper akapiga ishara ya msalaba. Shaweji akainua viganja. Mimi nililia nikiwa nimekaa chini kabisa, na sikumjali mtu.

Jumapili iliyofuata wakamtenga Mzee Anyelwisye.

Alikuja kwangu jioni ile, hana koti wala mwavuli. Nikampa chai. Ikupa bado mgonjwa, akaniambia, leo anakaa, kesho halali. Akazungusha kikombe.

"Mama Lusajo," akasema, "na mimi watanizika upande gani?"

Nikamwonyesha jembe la Ezron, limeegemea nyuma ya mlango.

"Futi sita," nikamwambia.