Maneno Yaliyoshushwa Ngazi

Don Aldemar Paz, mwenyekiti wa baraza, aligonga meza mara tatu kutaka utulivu, na wanaume wanne waliompandisha ghorofani wakamwinua Yolima Chilito pamoja na kiti chake cha magurudumu, wakageuka kwa mpigo mmoja, wakaanza kushuka naye ngazi za jumba la baraza ilhali bado anazungumza.

Hakuna aliyewatuma. Lakini mtu aliyebeba machela ya sanamu ya Bikira wa Mateso kila Juma Kuu, tangu ndevu zake zikiwa manyoya ya kifaranga, hangoji kufikiri ubao unapogongwa mara tatu. Bega hutangulia; akili hufuata nyuma ikitafuta viatu vyake. Katika mji wa San Roque, mapigo matatu ya ubao maana yake ni moja tu: inueni, twende. Arbey Zemanate, mshika pembe ya mbele kulia ya machela, alizinduka wakiwa katikati ya ngazi, na huko juu madiwani walikuwa wakicheka hadi kushika mbavu.

"Siku mtakapoiuza nyumba ile," Yolima alikuwa akisema, kidole kikiwa kimeelekezwa puani pa Don Aldemar, "mtakuwa mmeuza pia..." Hapo ndipo alipopaa. Yaliyosalia yalikatika kama uzi uliopita kwenye meno ya mshonaji.

Walipomtua barabarani, alirekebisha sketi yake na kumtazama Arbey.

"Jirani, umenishusha na maneno mdomoni."

"Bi Yolima, nisamehe. Bega limesikia amri."

"Bega lako lina masikio kuliko kichwa chako."

Wote walicheka, naye akacheka. Kisha akashika magurudumu yake akaondoka bila kuaga. Hilo ndilo lililomchoma Arbey. Yolima hakuwa mtu wa kuondoka mahali bila kumwachia mtu angalau kejeli moja ya njiani.

Nyumba iliyokuwa ikigombaniwa ilisimama nyuma ya soko; zamani ilipimiwa kahawa. Yolima na wenzake waliiomba ikiwa gofu la popo, wakaifagia, wakaiezeka. Sasa humo magurudumu yaliyopinda yalinyooshwa, watoto viziwi walifundishwa kusema kwa mikono hadi wakawashinda mama zao kwa umbea, na wazee waliopigwa na kiharusi walijifunza upya kushika kijiko. Mfanyabiashara mmoja wa saruji aliitaka iwe ghala lake, na baraza lilikuwa tayari kumsikiliza. Kura ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya kicheko, lakini ingepigwa kikao kijacho. Mtu pekee aliyeweza kuwatia madiwani aibu kabla ya kura hiyo alikuwa Yolima, na ukumbi wa baraza ulikuwa juu ghorofani, mwisho wa ngazi za mawe zilizojengwa na watu ambao, kama ilivyoonekana, hawakuwahi kuvunjika hata ukucha.

Yolima alikuwa amevunjika. Gari la kubebea kahawa lilibingirika naye mlimani, na daktari akamwambia asitegemee miguu tena. "Mlima ulinivunja mgongo," alizoea kusema, "ulimi ukausahau." Alikuwa fundi cherehani, kanzu za zambarau za wabebaji wote wa San Roque zilitoka mikononi mwake, na hakuna aliyekwenda kupimwa kanzu akarudi bila kutaniwa kitambi chake.

Kesho yake Arbey alimpelekea empanada, sambusa za viazi na karanga, zikiwa bado za moto. Mtu asiyejua kuomba msamaha huenda na chakula, chakula kikamwombee.

"Kikao kijacho tutakubeba taratibu," alisema. "Nimewaambia vijana: hata ubao ugongwe mara mia, hakuna kuinuka."

Yolima alitafuna bila haraka. "Sibebwi tena."

"Kwa kosa moja tu?"

"Si kosa lako, Arbey. Ungekuwa ubaya ningekurushia pasi hii tukayamaliza. Ni kwamba anayenibeba ndiye anayejua nitashuka lini."

"Lakini sisi tunakubeba kama tunavyombeba Bikira! Kuna watu mji huu wangelia machozi kwa heshima hiyo."

"Sanamu hubebwa kwa sababu ikifika haina la kusema." Akajipangusa mafuta vidoleni. "Mimi ninalo. Tena nilikuwa sijamaliza."

"Ungemaliza na nini? Watakuwa wameuza pia nini?"

"Utasikia nikifika pale kwa magurudumu yangu," akasema. "Nipe nyingine. Hii umeila pembeni, nimeona."

Arbey alirudi nyumbani amenuna. Maisha yake yote alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho kilikuwa sugu iliyoota begani mwake kama nundu ya fahali. Mtu anakupa bega lake bure, nawe unasema hapana? Alihisi kama amekataliwa mkono wa salamu mbele ya kadamnasi.

Yolima hakununa. Alikwenda mahakamani akafungua tutela, kudai jumba la baraza lijengewe njia ya mteremko ya kupitisha magurudumu. Kwa shauri la aina hiyo hahitajiki wakili wala suti. Mwananchi anasema haki yangu imekanyagwa, na hakimu ana siku kumi za kumjibu. Haki yenyewe haikuwa ngeni. Sheria ilikwisha kusema zamani kwamba jumba la umma ni la umma wote, wenye miguu na wenye magurudumu. Ilikuwa imelala tu, kama mbwa mzuri ambaye hajawahi kuitwa jina lake.

Hakimu Nayibe Ordóñez, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliamua kuja kuziona ngazi kwa macho yake. Jioni ya kuamkia siku hiyo, Don Aldemar alimwita Arbey. Mbali na uenyekiti wa baraza, alikuwa pia mkuu wa chama cha wabebaji. Yeye ndiye aliyegawa pembe za machela.

"Utamwambia mheshimiwa jinsi tunavyomtunza Bi Yolima," alisema kwa upole. "Njia za mteremko ni gharama, na mabega tunayo. Unajua, pembe ya mbele inataka mtu mwenye shukrani."

Arbey alijua. Pembe ile ilikuwa ya baba yake.

Basi asubuhi, chini ya ngazi, watu wamejaa kama siku ya mnada, aliyasema maneno aliyofundishwa. "Mheshimiwa, tunambeba kama yai. Hajawahi kuanguka. Hata yeye mwenyewe hajalalamika."

"Nalalamika sasa," alisema Yolima, na watu wakacheka. "Mheshimiwa, naomba jambo moja. Kiti hiki hapa." Akashika ukingo wa benchi la mawe, akajivuta, akahamia juu yake kwa ustadi uliomfanya hakimu asahau kuandika. "Jirani Arbey na akae, wenzake wampandishe. Kama yai."

Arbey alicheka. Akakaa. Wenzake watatu na mwingine wa kujaza nafasi wakamwinua. Ngazi alizozipanda tangu utotoni zilimgeukia zikawa poromoko. Alitafuta pa kushika, akakuta hakuna. Mikono yake, iliyozoea kubeba magogo, ilipapasa hewa kama ya mtoto mchanga. Katikati ya njia mwenzake Tulio akasimama kumsalimia binamu yake aliyekuwa dirishani.

"Timu yenu jana mmelishwa mabao, eh?"

"Tulio, endelea," alisema Arbey. Kiti kiliinama upande.

"Subiri kidogo, mzee." Akamgeukia tena binamu yake. "Hata refa alikuwa wenu, mkashindwa!"

"Tulio! Nishusheni. Nasema nishusheni!"

"Tulia wewe," Tulio alimjibu kwa furaha, na umati ukamshangilia. "Mtakatifu haongei!"

Kicheko kilikuwa kilekile. Arbey alikitambua kama mtu anavyotambua mlango wa nyumba yake, isipokuwa safari hii alikuwa akiutazama kutoka nje. Akanyamaza. Wenzake walidhani amekubali.

Walipomshusha na kumtua, alishika ukingo wa benchi. Hakimu alimngoja apate pumzi.

"Bwana Zemanate, mkimbeba Bi Yolima kwenda barazani, ni nani huamua ashuke lini?"

Don Aldemar alikuwa akitazama kofia yake. Arbey aliitazama pia ile kofia, akamwona baba yake chini ya pembe ya mbele, jasho likimtiririka.

"Si yeye, mheshimiwa," akasema. "Ni yeyote anayegonga meza."

Hukumu ilitoka kabla siku kumi hazijatimia. Jumba lijengewe njia ya mteremko, na hadi itakapokamilika baraza likae mahali ambapo kila mwananchi ataingia kwa uwezo wake. Siku hiyohiyo Arbey aliletewa salamu kwamba pembe ya mbele kulia sasa ni ya Tulio. Alimwambia aliyeleta salamu asante, akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajiwa na mtu.

Kikao kilifanyika chini ya paa la soko, kati ya vitunguu na vikapu vya kuku. Madiwani walibanana kwenye viti vya muuza supu. Yolima alikuja kwa mikono yake mwenyewe kutoka upande wa kanisa, magurudumu yakilia juu ya mawe, na watu wakampisha. Hakuharakisha. Alifika mbele ya meza, akafunga breki.

"Nilikuwa nasema," alianza.

Don Aldemar, kwa mazoea, aliinua nyundo yake ya mbao kutaka utulivu. Soko zima likageuka kuwatazama wabebaji. Arbey alihisi visigino vyake vikiinuka vyenyewe. Akaviteremsha, akaikalia mikono yake yote miwili. Don Aldemar alitazama nyundo, akawatazama watu, kisha akailaza mezani polepole kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Nilikuwa nasema, siku mtakapoiuza nyumba ile, mtakuwa mmeuza pia uzee wenu. Mimi huko mwili unakogoma nimekwisha kufika. Ninyi bado mko njiani, na nyumba ile ndiyo taa niliyowawekea."

Kuku mmoja aliguna kikapuni. Don Aldemar, ambaye mama yake alijifunzia kijiko mle ndani, alijikuna shingo. Kura zilipopigwa, mikono ya kuuza ilikuwa michache kuliko waliokula kiapo kwa mwenye saruji. Nyumba ikabaki, walau kwa mwaka ule.

Yolima alipotoka alisimama mbele ya benchi la Arbey.

"Mbona umekalia mikono?"

"Inataka kazi."

"Basi njoo unisindikize. Lakini sio kusukuma."

Wakashika njia ya kanisani, Arbey pembeni, mikono kaifunga nyuma, akipunguza hatua zake alingane na magurudumu. Mbele kidogo kuna jiwe lililochomoza, ambalo kila mtu wa San Roque amewahi kulikwaa. Yolima aliliendea, likamrudisha. Akavuta pumzi, akarudi nyuma kidogo, akaliendea tena.

Arbey alisimama. Bega lilimwasha. Akangoja aitwe.