Kidonge cha Daktari Kiilu

Daktari Kiilu alikaa Buruburu, mtaa wa wenye mishahara minono, lakini alizaliwa Kaloleni, nyumba tatu kutoka kwetu, na jambo hilo alilificha kama mtu anavyoficha kiraka cha suruali. Mwaka wa 1983 nilikuwa fundi wake wa maabara. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na yeye ndiye angeiandikia kamati ya utafiti barua ya kusema nibaki au niende.

Tulikuwa tukitengeneza vidonge vyeusi vya madini ya manganisi. Madini yenyewe yalikuwa yameshachomwa kwenye tanuri yakawa magumu. Kilichobaki ni kuyasaga pamoja na unga wa kioo, kuyashindilia na kuyaoka kidogo. Kioo kinazuia umeme usipite ovyo kutoka punje hadi punje. Ukileta sumaku, punje zinapatana na umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kidogo tu. Sindano ya mita ilisogea upana wa unywele, nami nilifurahi kila mara.

Kiilu hakufurahi.

"Kamati inakuja Alhamisi, Kalekye. Niwaonyeshe unywele?" Alikitazama kinu changu kidogo cha jiwe, nilichosagia siku mbili mpaka kiganja kikatoka malengelenge. "Nyinyi watu wa Kaloleni mnapenda kutesa mikono bure."

Watu wa Kaloleni! Yeye alishuka kutoka wapi, mwezini?

Jumanne alibeba madini na kioo kwenye mfuko, akaenda nayo asikojua mtu. Jumatano alikuja na vidonge vyake vipya. Vilirukia sumaku kwa pupa, na umeme ulipita ndani yake bila kizuizi chochote. Bwana mkubwa alitembea maabara nzima akijipongeza. Vyangu akavitupa kwenye pipa. Nikaviokota, nikavitia kwenye mfuko wa koti.

Jioni nilipita kwa Maingi, mwenye kinu cha posho pale mtaani.

"Sasa, Kalekye," akasema. "Huyo daktari wenu ako sawa kweli? Jana asubuhi amenisagisha makaa sijui gani. Nilikuwa nimetoka tu kunoa sahani za kinu. Nikamwambia, buda, ngoja nipitishe pumba kwanza. Akaniita mshamba! Nimetupa debe mbili za pumba nikiosha hiyo uchafu yake."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sahani zikitoka kunolewa humwaga chembe za chuma, na hakuna mama wa Kaloleni anayekubali unga wake uwe wa kwanza. Hata mama yake Kiilu alikuwa akisimama kando, karai kichwani, akingoja pumba ipite. Mwanawe alisoma ng'ambo miaka saba, akarudi hajui hata hilo.

Alhamisi asubuhi nilimwambia, "Daktari, kinachorukia sumaku ni chuma cha kinu cha Maingi."

"Mwanamke wa foleni ya unga atanifundisha fizikia?" akajibu. Kisha akanionyesha bahasha. "Barua yako iko tayari. Unaenda."

Nilikuwa na wadogo watatu shuleni.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Benta Amolo, mama mnene wa miwani minene. Alivitazama vidonge vya Kiilu vikirukia sumaku, akaomba chupa ya maji ya chai.

"Madini haya yakifika joto la digrii sabini huiachia sumaku," akasema. "Hebu tuone."

Akamimina maji ya moto kwenye glasi, akachovya sumaku ikiwa imeshika kidonge cha Kiilu. Tukangoja. Kidonge kikang'ang'ania kama kupe.

"Hiki ni chuma."

Nilitoa kimoja changu mfukoni, nikampa. Kilishika sumaku vizuri. Kilipokaa kidogo ndani ya maji, kikajiachia, kikaanguka chini ya glasi.

"Nani alisaga kile cha kwanza?"

Kiilu hakupepesa jicho. "Fundi wangu huyu, Profesa. Nilimwambia atumie kinu cha jiwe, akaenda kwenye kinu cha posho cha kwao Kaloleni. Ndiyo maana nimeandika aondoke." Akampa bahasha.

Nilikuwa peke yangu mbele yao, bila shahidi.

Profesa Amolo aliisoma barua polepole. "Kinu cha posho hakiwezi kutoa chuma kingi hivi. Watu wangekufa."

"Kinatoa, Profesa!" Kiilu akadakia. "Sahani zilikuwa zimenolewa asubuhi ile ile. Na yule jamaa hata pumba alikuwa hajapitisha!"

Profesa Amolo akavua miwani, akamtazama.

"Wewe umejuaje?"

Kiilu akanyoosha mkono aichukue bahasha.

"Alikuwa wa kwanza kwenye foleni," nikasema. "Kaloleni hata mtoto hafanyi hivyo."

Profesa akamrudishia barua yake. "Barua nzuri, Daktari. Badilisha jina tu."

Kiilu akapapasa mifuko yake. Nikampa kalamu yangu.