Siku Nereida Alipokuwa Mteja

Ukienda saluni ya Mama Fiordaliza, pale mjini Pointe-à-Pitre, kwenye kisiwa kinachotawaliwa na Ufaransa, hutoki bila habari. Nywele hazijakauka kwenye rola utakuwa umeshajua nani kaachika, nani kajenga, na nani karudi kutoka Paris na mimba isiyo na maelezo. Lakini mwezi huo umbea wote uliwekwa kando. Habari ilikuwa moja tu: mtihani wa Kifaransa wa Nereida.

Mama Fiordaliza alikuwa amechoka. Miguu imevimba, anataka kurudi Santo Domingo akazeekee kwake. Saluni alitaka kumwachia Nereida, msusi wake wa miaka yote. Mwenye jengo, Bwana Coridon, hakuwa na kinyongo, ila alitaka jina litakaloingia kwenye mkataba liwe la mtu mwenye kadi ya ukaazi ya miaka kumi. Nereida alikuwa na ile ya kuombwa upya kila mwaka. Ya miaka kumi haitoki bila cheti cha Kifaransa. Lete cheti, alisema Bwana Coridon, kadi nitaingoja. Bila cheti, nampa muuza simu. Na huyo muuza simu alikuwa haishi kupita, anachungulia mlangoni na kupima kuta kwa macho, kana kwamba wanawake waliokaa mle ndani ni vyombo vitakavyohamishwa.

Kifaransa Nereida alikuwa nacho, cha kuokoteza kwenye viti vya wateja, kimechanganyika na Krioli ya pale kisiwani na Kihispania cha kwao. Kusoma alijikaza. Kusikiliza ndiyo kazi ya msusi. Kilichomnyima usingizi ni lile igizo: unapewa kisa kwenye karatasi, mtahini anajifanya jirani au muuza duka, anakukatalia jambo lako, na wewe unatakiwa kubishana naye mpaka kieleweke. Ukilegea upesi, umekwisha.

Nereida alilegea upesi. Man Sidonie, yaani Bi Sidonie kwa Krioli, karani mstaafu wa posta na mteja wa kila Ijumaa, alijitolea kuwa muuza friji.

"Friji uliloniuzia limekufa, mama," Nereida akaanza.

"Umelitumia vibaya."

"Haya, kipenzi. Labda kweli. Samahani."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Man Sidonie akauliza, huyu mtu kauziwa friji bovu halafu anamwomba radhi aliyemuuzia, si atawaachia watahini hata nauli yake? Mama Fiordaliza hakucheka. Yeye ndiye aliyemfunza: mteja akifoka, tabasamu, mkalishe, mwoshe tena kichwa, na kinywa chako kifunge.

"Nimekuharibu mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mimi nitasafiri. Wewe utabaki na tabasamu hilo barabarani."

Wakamfanyisha mazoezi ya jirani mwenye kelele, ya mkoba uliopotea kwenye ndege, ya fundi aliyekula pesa. Kila mara sauti ilianza juu, kisha ikashuka kama chapati iliyokosa moto.

Siku ya mtihani aliingia chumba chenye kiyoyozi cha kugandisha mifupa. Mtahini alikuwa mwanamke mwembamba, mgeni kisiwani, na mezani kulikuwa na mashine ya kurekodi yenye kitaa chekundu. Kujieleza kulikwenda vizuri. Kisha akakabidhiwa karatasi, akaisoma, akairudia. Umetoka saluni na hujaridhika na nywele zako. Umerudi kudai. Mtahini ni mwenye saluni.

"Nimekuja kwa ajili ya nywele zangu, mama," Nereida akasema.

"Mimi sioni kosa," mtahini akajibu bila hata kuinua macho. "Na pesa hairudi."

Nereida akashtuka kweli. Nani anaongea na mteja namna ile?

"Hapana, mama, mteja haambiwi hivyo," alisema. "Mkalishe kwanza. Mpe maji ya baridi. Mguse kichwa, hata kama huoni kitu, mguse. Pesa mtazungumza baadaye."

Akaendelea, na Kifaransa kikamtoka kama ambavyo hakikuwahi kumtoka, mpaka namna ya kumsindikiza mteja mlangoni. Alipokuja kunyamaza, aliona kalamu ya mtahini imesimama.

"Bibi," mtahini akasema taratibu, "mteja ni wewe."

Jasho likamtoka ndani ya ubaridi ule. Muda ulikuwa unakwenda na kitaa chekundu hakikupepesa. Akilini akamwona muuza simu anapigilia rafu mahali pa vioo. Akauvuta mkoba wake mapajani, akaukumbatia, na mikono ikajikuta imekaa vile wanavyokaa wanawake wanaorudi saluni kwa shari. Alikuwa amewatazama miaka yote hiyo.

"Maji yako sitaki," alisema. "Jana nimekaa hapa nusu siku nasikiliza habari za mume wa jirani yako, kumbe kichwa changu kinaungua kwa dawa yako ya kunyoosha nywele. Leo nimekwenda ubatizo wa mjukuu wangu nimefunga kitambaa. Picha zote nina kitambaa."

"Ungesema kama dawa inauma."

"Nilisema. Ukanijibu, bado kidogo, kipenzi, bado kidogo."

Maneno hayo alikuwa akiyasema yeye mwenyewe kwa wateja wake, kila siku ya Mungu.

"Basi nikuoshe tena," mtahini akajaribu.

"Usiniguse. Nataka pesa yangu, na useme mbele ya hawa wote kwamba umeniunguza."

Akanyoosha mkono kuonyesha viti vitupu, na mtahini akageuka kuvitazama.

Sehemu ya mwisho ya mtihani aliipitia kama mtu mwenye homa. Nje, Man Sidonie alikuwa akimngoja na mkate wa kukaanga uliojaa samaki wa chumvi, lakini Nereida hakuugusa. Alisema amefeli, kwamba alikaa pale akimfundisha mtahini kazi ya saluni, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Matokeo yalikuja kwa simu, asubuhi saluni imejaa. Nereida alikuwa na glavu mikononi, anampaka mteja dawa ya kunyoosha nywele, hivyo simu aliifungua Man Sidonie. Akavaa miwani. Akasoma kimoyomoyo mpaka watu wakamtukana.

"Kuzungumza kumekuvuta chini," alisema mwishowe. "Umepita kwa wembamba wa uzi. Lakini umepita, shoga."

Redio ikafunguliwa mpaka mwisho. Mama Fiordaliza akajishika kiuno, akacheza na miguu yake ile ile iliyovimba. Wakamwita Nereida katikati. Yeye alikuwa ameinama sikioni mwa mteja wake.

"Dawa inauma?"

"Kidogo tu," mteja akasema. "Nenda kacheze."

Nereida akamwinua, akampeleka kwenye sinki, akafungua maji.

"Mapema mno kuiosha dawa hiyo," Mama Fiordaliza akapaza sauti juu ya muziki. "Hazitanyooka hizo nywele."

"Zisinyooke," Nereida akasema, akaendelea kuosha.