Pasha Aliyeomba Atekwe

Zulfikar Pasha, liwali wa Sultani katika ngome yetu ya Morava, alikuwa mnene, mpole, na mwoga kama kondoo siku ya sikukuu. Mjini aliitwa mkubwa, lakini hata kukohoa alikohoa kwa ruhusa ya Kadri, jemadari wa Wajanisari, askari waliochoka vita wakaona heri watupore sisi wanavijiji.

Tulipoasi, Pasha akaletwa kuzungumza nasi kwenye shamba la plamu. Kadri aliketi nyuma yake akimchunga, kisu mapajani, Wajanisari wake wakingoja kando na farasi. Upande wetu alisimama Vukosav, mfanyabiashara wa nguruwe, mtu ambaye harufu yake humtangulia kufika. Katikati yao alikuwa mkalimani Mgiriki, Stavraki, jasho likimchuruzika.

Pasha alidai kwa Kituruki tuweke silaha chini, Sultani atusamehe. Vukosav akamgeukia Stavraki, akasema kwa Kiserbia, "Liambie hilo godoro la hariri kwamba nguruwe wangu jike analishinda akili, na sharubu pia."

Stavraki hajafungua mdomo, Pasha akacheka.

Tukatazamana. Kumbe mzee anakijua Kiserbia. Mama yake, tulikuja kuambiwa, alikuwa mtu wa Užice, Mserbia kama sisi. Kadri hakujua hata neno moja. Pasha akakunja uso haraka, akamtikisia Vukosav ngumi na kufoka kwa lugha yetu:

"Endelea kunitukana, bwana, na usiache kununa. Nikikubali masharti yenu, huyu wa nyuma yangu atanichinja. Niteke."

"Nikuteke?" Vukosav alinguruma. "Na tumbo hilo nitalilisha nini?"

"Maharage. Nguruwe sili. Fanya upesi, ameanza kushtuka."

Kadri akauliza wanasema nini. Stavraki, Mungu amrehemu, akamwambia kuwa Pasha ameapa kuwabanika watoto wetu. Kadri akatabasamu, mara ya kwanza tangu afike.

Pasha akainuka, eti anakwenda kumzaba Vukosav kofi. Alipotufikia tukamrukia, tukamburuta nyuma ya bunduki zetu. Kadri alishika kisu, akatutazama, akafikiri. Kisha akasema tubaki naye tu, maliwali ni wengi. Akapanda farasi bila kugeuka. Nilimwona Pasha machozi yakimlengalenga. Ilimuuma kuachwa kirahisi vile.

Lakini muhuri wa Sultani ulikuwa shingoni mwake. Akaandika amri papo hapo kwa wapiga mizinga wa ngome, waliomchukia Kadri kutushinda sisi, wamfungie lango. Mpanda farasi wetu akapita njia ya mkato, akamtangulia. Kadri alipofika aligonga, akatukana, akagonga tena, na mzinga ukamjibu. Akashika njia ya kusini na watu wake, hatukumwona tena.

Vukosav akamwambia Pasha yuko huru, arudi nyumbani. Pasha akavua viatu, akajilaza kwenye majani, akasema mazungumzo haya ni magumu, yatachukua muda.