Siku Kinyozi Alipofunga Mdomo

Kinyozi yule alikuwa na mdomo usiolala. Mteja akikaa kitini, mpaka ananyanyuka ameshajua nani kaoa, nani kaachika na kwa nini. Mbwa wake, Jemadari, naye alikuwa na ugonjwa wake: kila aliyeingia mlangoni alirukiwa kifuani. Wageni wengine walivumilia. Mama mkwe aliangushwa chali, trei ya mayai mkononi.

"Sikanyagi tena hapa mpaka huyo mnyama ajue adabu," alisema, ute ukimchuruzika shingoni.

Na kweli hakukanyaga. Mke wa kinyozi akaishia kuongea na mama yake kwa simu, na akishakata anarudi kwenye kazi zake. Hakumlaumu mumewe hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata kinyozi maini.

Basi kinyozi akampeleka Jemadari kwa daktari wa mifugo.

"Akikurukia, unafanyaje?" daktari akauliza.

"Namshika miguu, namwambia, Jemadari baba, hivi ndivyo tulivyokubaliana? Namweleza..."

"Ndiyo maana. Kwake huo ni mchezo. Akiruka, mpe mgongo, kunja mikono, usimtazame, na ufunge mdomo. Miguu yote ikishakuwa chini, hapo hapo msifu, mpe kipande cha nyama. Nyumba nzima mfanye hivyo."

Kufunga mdomo! Afadhali angeambiwa afunge saluni.

Wakaanza mazoezi. Jemadari akiruka, mume na mke wanageukia ukuta kama waliogombana. Kinyozi alijing'ata ulimi mpaka ukavimba. Lakini mbwa akaelewa, akawa anakaa kitako mwenyewe, na mama mkwe akaitwa. Kumweleza masharti, kila mmoja alidhani mwenzake ameshamweleza.

Akaingia. Kwa furaha ya kumwona, Jemadari akasahau masomo yote, akamrukia. Mume na mke, kwa mazoea, wakageukia ukuta papo hapo.

"Hamjambo humu?"

Kimya.

"Mwanangu?"

Kimya. Shikamoo ilimkwama kinyozi kooni. Akiitoa anaharibu somo, asipoitoa anaharibu ndoa.

"Kumbe ndiyo mliyoniitia!" Mama mkwe akawapa mgongo na yeye, akakunja mikono, akaununia mlango.

Jemadari akaangalia migongo mitatu, asijue amrukie nani. Akashuka. Akakaa kitako.

"Hodari!" kinyozi akalipuka, akichomoa nyama mfukoni. "Shikamoo mama! Umemuweza! Daktari alisema hivyo hivyo, mgongo, mikono, kimya, na mimi mama ulimi huu nimeung'ata, wewe utazame tu, na siku ile ya mayai sikulala, na..."

Mama mkwe alimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akaweka mkoba wake mezani, akavua viatu, akamkumbatia bintiye kwa nguvu.

"Huyu wa miguu minne ameshaiva," akasema. "Huyu mwingine je, mwanangu, akianza kuongea mnampa mgongo?"

Kinyozi akafungua mdomo kujibu. Mama na binti wakageukia ukuta kwa pamoja, wakakunja mikono, mabega yakitikisika kwa kicheko.